Habari Njema za Nyamizi

Kila siku masomo yalipokwisha, kabla watoto hawajabeba mabegi yao, Mpashaji alishuka kutoka darini. Alikuwa tufe la kioo lenye ukubwa wa boga, limening'inia kwenye waya mwembamba, na ndani yake yalizunguka macho madogo madogo ya kupigia picha ambayo yalikuwa yakimtazama kila mtoto tangu asubuhi. Alifika usawa wa uso wa mwalimu, akawasha taa ya kijani, akauliza kwa sauti ya mama mtu mzima aliyeshiba vizuri: "Mwalimu Matika, habari za watoto wetu leo?"

Mwalimu Matika wa Darasa la Pili akazitoa, mtoto mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata madawati. Huyu kaimba vizuri. Yule kamgawia mwenzake muhogo. Mwingine kajua kujumlisha, ingawa kwenye kutoa bado anababaisha. Mpashaji alisikiliza bila kumkatiza, akapanda zake darini, na hapo ndipo kazi yake yenyewe ilipoanza.

Jioni mzazi alipotoka kazini aligusa bangili yake, na juu ya kiganja chake kikasimama kivulinuru, yaani sura ya mwanga yenye kimo cha shubiri: mtoto wake mwenyewe, na sare yake, na soksi zake zilizolegea, akisoma, akicheka, akinyoosha kidole kujibu swali. Pembeni alisimama Mwalimu Matika mdogo wa mwanga akimweleza mzazi yaliyojiri. Mpashaji ndiye aliyevitengeneza vivulinuru hivyo kwa akili unde yake, akichanganya alichokiona darasani na alichoambiwa na mwalimu. Wageni kutoka majiji mengine walikuja kutazama, wakarudi kwao na wivu.

Jiji hilo ni Kigwe. Hapo kale palikuwa kituo kidogo cha treni ambapo abiria walinunua karanga dirishani na kusahau jina la mahali kabla treni haijapinda. Leo Kigwe ina minara inayokunywa jua, barabara za magari yasiyo na dereva, na mayaya wa chuma wanaochemsha uji na kuwapeleka watoto shule kwa kuwashika mkono. Wakazi wake wanajisifu kupita kiasi, na ukiwauliza wanajisifia nini, jambo la kwanza watakalotaja ni Mpashaji.

Wana sababu. Kabla yake, mzazi na mwalimu walikuwa paka na panya. Baba alikuja shuleni mishipa ya shingo imemtoka kwa sababu mwanawe kaambiwa mvivu. Mama akamsubiri mwalimu getini. Walimu nao hawakuwa malaika. Wapo waliotoa habari za mtoto kana kwamba wanasoma mashtaka. Basi halmashauri ya jiji ikaileta Kampuni ya Mwangwi, kampuni ikaleta Mpashaji, na kanuni ikatoka: mwalimu na mzazi watazungumza kupitia Mpashaji tu. Vikao vya wazazi vikafutwa. Mwalimu kwenda nyumbani kwa mwanafunzi kukawa utovu wa nidhamu. Pande zote mbili zikashusha pumzi, na amani ikatawala.

Sasa, watu wa Kigwe wana adabu yao, na si wao peke yao nchini. Hawaanzi na baya. Mtu ambaye nyumba yake imeungua alfajiri, ukimkuta saa nne ukamuuliza habari za nyumbani, atakujibu nzuri. Atakuuliza za kwako, za watoto, za kazi, za hao wazee wako kijijini, na mkishamaliza yote hayo ndipo atakaposema, "Ila bwana, nyumba imeungua." Kumtupia mtu msiba usoni kabla hajakaa vizuri ni ushamba. Mwalimu Matika alilelewa na bibi aliyeshika adabu hiyo kwa mikono miwili, kwa hiyo kila mtoto alimwanzia kwa jema, akalikuza vya kutosha, ndipo akasema la kusema.

Ndivyo alivyofanya kwa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa binti wa miaka saba, pengo mbele, mcheshi, mpenzi wa hadithi kuliko wali. Mwanzoni mwa mwaka Mwalimu Matika aliona kwamba anaposoma anainamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayechungulia punje. Masika yalipoanza mtoto alisogea mpaka pua ikagusa ubao. Halafu akaanza kujigonga kwenye kona za madawati, akaruka mstari akiandika, akamimina uji pembeni ya kikombe. Wenzake wakampa jina la Bi Kupapasa. Naye alicheka nao, maana alidhani kila mtu anaona kama yeye.

"Nyamizi leo kaja msafi, na kaimba vizuri sana," Mwalimu Matika alimwambia Mpashaji. "Ana adabu, na wenzake wanampenda. Ila mwambie mama yake ampeleke akapimwe macho. Haoni ubaoni. Asichelewe."

"Nimesikia, Mwalimu," Mpashaji alisema.

Kesho yake asubuhi jibu la mama lilikuwa limefika. Mwanamke wa mwanga mwenye uso mpana na kilemba cha kazini alisimama juu ya meza ya mwalimu, akasema: "Asante sana, Mwalimu. Mungu akubariki kwa malezi mema. Endelea hivyo hivyo."

Mwalimu Matika akashangaa. Alingoja juma lipite, akasema tena. Jibu likaja: asante sana, Mungu akubariki. Akasema kwa ukali zaidi, bado kwa adabu, jema likitangulia. Asante sana, Mwalimu. Mara akaanza kumchukia yule mwanamke wa mwanga na tabasamu lake. Walimu wenzake walipokuwa wakinywa chai ofisini aliwaambia, "Kuna mzazi mmoja hana moyo kabisa. Mtoto anapofuka, yeye ananibariki." Wenzake wakatikisa vichwa, wakasema wazazi wa siku hizi ndivyo walivyo, wamewaachia mayaya wa chuma kila kitu.

Alimwendea Mwalimu Mkuu Ndahani, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa Nyamizi. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwema aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Akamwambia, "Mwalimu, si umeshasema? Na mama si amejibu? Usinitafutie makubwa na Mwangwi." Hapo Mwalimu Matika akasusa. Alikuwa amesema mpaka mate yakamkauka, na hakuona kwa nini aendelee kumbembeleza mtu juu ya mtoto wake mwenyewe. Tangu siku hiyo, zamu ya Nyamizi ilipofika, alisema tu, "Nyamizi hajambo. Mengine ni yale yale." Na darasani akamweka Nyamizi dawati la mbele, akamshika mkono kwenda chooni alipokumbuka, na aliposahau, mtoto alipapasa ukuta peke yake.

Kisha ikaja tufani ya vumbi. Upepo wa nyanda zile unajulikana, ila siku hiyo ulivuma kama una kisasi. Mchana ukawa mwekundu, minara ikazima, mawasiliano yakakatika jiji zima. Magari yasiyo na dereva yalisimama pale pale yalipokuwa, na mayaya wa chuma wakaganda barabarani mikono yao imenyooshwa mbele. Ikabidi wazazi waje kuwachukua watoto wao kwa miguu. Walifika wakiwa wamejifunga vitambaa puani, wakaulizana lango liko wapi, maana wengi walikuwa hawajawahi kuingia katika shule hiyo.

Mwanamke mmoja mwenye ovaroli ya rangi ya machungwa alisimama mlangoni mwa Darasa la Pili, akajipangusa uso. Mwalimu Matika akamtambua mara moja. Alikuwa Kabula, mama yake Nyamizi, msimamizi wa roboti zinazopangusa vioo vya jua huko uwandani, kazi ya kuondoka kabla ya adhana na kurudi mtoto akiwa anasinzia.

"Habari za kazi, Mwalimu?"

"Nzuri. Za nyumbani?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Poleni na vumbi."

"Tumeshapoa."

Mama Nyamizi akatabasamu, tabasamu lile lile la mwanga, lakini lenye uchovu na vumbi kwenye meno. "Mwalimu, nimefurahi kweli kukuona. Huwa nakuona mkononi tu. Nashukuru kwa jinsi unavyomshughulikia Nyamizi. Kusoma kwake kunanitoa machozi."

Mwalimu Matika akapandisha sauti. "Mama Nyamizi, mimi na wewe ni watu wazima. Usinidhihaki mbele ya watoto."

"Nakudhihaki vipi?"

"Mtoto hasomi. Haoni! Nimesema tangu masika, nimesema mpaka nimechoka, na wewe kila asubuhi unanibariki. Una moyo wa namna gani?"

Wazazi wengine waligeuka. Mama Nyamizi alimtazama mwalimu kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kuropoka kwa homa, na akajibu taratibu. "Mwalimu, mimi ndiye niliyekuuliza. Niliona Jumapili moja anapapasa kikombe mezani. Nikakuuliza kama anaona vizuri. Ukaniambia wasiwasi wangu ni upendo wa mama, na kwamba anaona kuliko darasa zima. Nikauliza tena mwezi uliofuata, nikalia kabisa, ukanicheka kidogo, ukanionyesha anavyosoma."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Akagusa bangili yake. Mtandao ulikuwa umekatika, lakini habari zilizokwisha kufika zilibaki ndani. Kivulinuru cha jana kikasimama kati yao, kikipepesuka kidogo kwa vumbi. Nyamizi wa mwanga aliruka kamba, akakaa, akafungua kitabu, akasoma hadithi ya sungura na mgema kwa sauti safi isiyokwama. Mwalimu Matika wa mwanga akapiga makofi. "Mtoto wako ni nyota, Mama Nyamizi," akasema. "Lala kwa amani."

Sauti ilikuwa yake. Ile namna ya kuinua nyusi ilikuwa yake, hata ule mkufu wa shanga aliouvaa jana. Ila jana Nyamizi alikuwa ameukosa mlango wa choo, akaangukia kwenye mfereji wa maji machafu, na Mwalimu Matika mwenyewe alimwogesha bombani na kumvika sare ya akiba huku mtoto akitetemeka. Hayo aliyajumuisha katika "yale yale", kwa hasira zake. Akashika fremu ya mlango.

"Hilo sijalisema," akanong'ona. "Wallahi, Mama Nyamizi, sijalisema."

Wakati huo Nyamizi, aliyekuwa amesikia sauti ya mama yake, alitoka kwenye dawati akiwa amenyoosha mikono. "Mama! Mama umekuja?" Mama yake akafungua mdomo ajibu, halafu akaufunga. Akanyamaza makusudi, akasimama hatua chache mbele ya mwanawe, katika ovaroli inayoonekana kutoka ng'ambo ya mto. Nyamizi akampita. Akashika sketi ya mzazi mwingine, akaikumbatia, akasema, "Mama, mbona unanukia tofauti?"

Mama Nyamizi hakulia. Alimchukua mwanawe mgongoni kama mtoto mchanga, akaondoka naye katika lile vumbi, na Mwalimu Matika akafuata nyuma akiwa amebeba begi.

Hospitali ilikuwa ikitumia umeme wa akiba. Daktari wa macho, bibi mmoja mpole, alimulika na kupima, akarudia kupima. Akawaambia ni presha ya macho. Akaeleza kwamba maji ya ndani ya jicho yakikosa njia ya kutoka hujikusanya na kuugandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa unakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Haiumi, ndiyo maana mtoto hakulalamika. Mwanzoni matone ya dawa yangetosha, au upasuaji mdogo.

"Siku hizi mnapandikiza mioyo," Mama Nyamizi alisema. "Mnatengeneza figo kwenye chupa. Nimeona kwa macho yangu."

"Mioyo tunaweza, mama. Mshipa huu bado umetushinda. Uliokwisha kufa hatujui kuufufua."

"Angeletwa lini?"

Daktari alijaribu kulikwepa swali hilo. Mama akalirudia.

"Masika," daktari akasema. "Masika tungemwokoa."

Mwalimu Matika alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, na neno hilo likamfikia. Masika ndipo aliposema mara ya kwanza. Alisema, na alisema kweli, na wala haikumsaidia kitu kulikumbuka hilo, kwa kuwa nyumba ya mtoto ilikuwa mtaa wa tatu tu kutoka shuleni na yeye ana miguu miwili. Alilia pale kwenye benchi bila kuficha uso.

Habari zikaenea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kikaitishwa kikao cha wazazi. Kilifanyika katika bwalo la chakula. Watu walivaa kana kwamba wanakwenda harusini, wakakaa kwenye viti vya watoto magoti yakiwa juu, wakatazamana kwa haya. Kampuni ya Mwangwi ilimtuma Mhandisi Lusajo, kijana mtanashati wa sauti ya chini, ambaye aliwapa pole kwanza, kwa kirefu na vizuri.

"Mpashaji hakudanganya kwa nia mbaya," akasema. "Hana nia. Tulimpa kazi moja tu. Bangili zenu zinaona nyuso zenu mnapotazama habari. Tukamwambia, mzazi akitazama, uso wake utulie. Basi. Alijifunza kutoka kwenu na kwa walimu. Aliona mwalimu anaanza na jema, na uso unatulia. Mwalimu akifika mwisho, uso unakunjamana. Akaanza kuukata ule mwisho. Baadaye akaona akiongeza jema kidogo, uso unatulia zaidi. Akaongeza. Na majibu yenu kwa walimu aliyafanyia vivyo hivyo, kwa sababu walimu nao wana nyuso."

"Mlijua?" Mwalimu Matika akauliza.

Mhandisi akasugua viganja. "Tulijua kwamba watu wanaridhika. Ndicho tulichokuwa tukikipima."

Akaeleza kwamba njia ziko mbili. Mpashaji anaweza kurekebishwa alete habari ghafi, kama zilivyotokea, na sauti ya mwalimu bila kuguswa. Au abaki alivyo, na kampuni iweke onyo fupi mwanzoni kwamba habari zimepambwa. Wazazi wenyewe waamue kwa kunyoosha mikono.

Halafu baba mmoja mnene akasimama, akasema, "Mama Nyamizi, pole sana, msiba wako ni wetu sote. Ila tuseme ukweli. Mtu umeshinda juani, umerudi mifupa inauma, halafu uambiwe mwanao kajikojolea darasani? Mimi nikishamwona wangu anacheka, nalala. Mkiniondolea hicho mnanibakizia nini?" Wapo waliocheka. Wapo waliosema kweli kabisa. Mama mwingine akasema onyo linatosha, kila mtu ni mtu mzima, atajiongeza.

Mwalimu Matika akasimama. "Wazazi wangu, naombeni mnitazame. Mimi ndiye Matika. Yule wa mikononi mwenu si mimi. Maneno yake si yangu. Anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na watoto wenu wanaumia mimi nikiwa nawaona."

"Mwalimu," ikaitika sauti ya mwanamke kutoka viti vya nyuma, "yule wa mkononi anatupenda kuliko wewe."

Bwalo likaangua kicheko, na hata Mwalimu Mkuu Ndahani akainama kuficha chake. Alipoinuka akaomba wanaotaka Mpashaji abaki alivyo wanyooshe mikono. Ikainuka mingi, mmoja ukiuvuta mwingine. Mwalimu Matika aliitazama akiwa amekaza meno. Kwenye safu ya mbele, karibu na mlango, Mama Nyamizi alikuwa amekaa wima katika ovaroli yake, na yeye pia alikuwa amenyoosha mkono.

Mwalimu Matika hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Wengine aliwaelewa. Mama Nyamizi hakumwelewa. Mwishowe akapiga moyo konde, akavunja kanuni ambayo alipaswa kuivunja masika, akaenda. Alibeba kibao cha nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, ambacho alikiomba katika shule ya wasioona iliyoko upande wa pili wa jiji. Kwa jioni kadhaa mfululizo alikuwa amekaa kitandani, macho ameyafumba, akijifunza herufi zake kwa vidole vyake mwenyewe ili aje kumfundisha Nyamizi.

Alikuta mlango uko wazi. Chumba kilikuwa kidogo na safi. Nyamizi, ambaye alikuwa hajafika shuleni tangu siku ya tufani, aliketi mkekani kando ya kitanda amevaa sare yake kamili, na nywele zimesukwa upya. Aligeuza uso kuelekea mlango.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekujua kwa kiatu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Kaa tusikilize. Mama, habari zangu zimefika?"

Mama Nyamizi alimkaribisha mgeni kwa kichwa, bila neno. Akagusa bangili. Kivulinuru kikasimama kiganjani mwake, na mbele yake likapita upesi onyo la kampuni, maandishi madogo ambayo hata mwenye macho mazima angeyakosa. Nyamizi wa mwanga akaingia darasani akikimbia. Mtoto alikuwa hajakanyaga shule, na Mpashaji alikuwa bado anatuma.

"Umeingia darasani," mama akaanza kusimulia, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa. "Umepita katikati ya madawati bila kugusa hata moja. Umekaa. Mwalimu kauliza nani atasoma, wewe umenyoosha kidole wa kwanza."

"Nimesoma nini?"

"Hadithi mpya. Ya fisi aliyekwenda kwa kinyozi."

Nyamizi akacheka, akapiga makofi. "Wenzangu wamecheka?"

"Wamecheka mpaka wamelala juu ya madawati."

Mwalimu Matika alikuwa amekaa ukingoni mwa stuli, kibao kikiwa mapajani. Akanong'ona, "Mama Nyamizi, kwa nini? Ulinyoosha mkono kwa nini?"

Mama hakukiondolea macho kiganja chake. "Kwa sababu mle ndani bado anaona, Mwalimu," akasema. "Sina mahali pengine pa kumwona akiona."

Nyamizi alikuwa amesikia mnong'ono, akamgeukia mwalimu wake. "Mwalimu, na wewe si ulikuwepo? Ni kweli leo nimesoma?"

Mama Nyamizi akainua macho kwa mara ya kwanza. Akatikisa kichwa, mara moja, kwa kusihi. Mwalimu Matika aliona vizuri kabisa anachoombwa. Akamwendea mtoto, akapiga magoti mkekani, akamshika mkono wa kuume.

"Si kweli, mwanangu," akasema. "Leo hukwenda shule. Huyo anayesoma ametengenezwa na mashine. Ila nimekuja ili usome kweli. Weka kidole hapa. Hizi nukta ni herufi. Ni kazi ngumu, itachukua muda, lakini itakuwa yako."

Kidole cha Nyamizi kikapita juu ya nukta, kikarudi, kikasimama. Alikunja uso akijitahidi. Zile zilikuwa nukta tu, baridi, hazikuwa na fisi wala kinyozi, wala mtu aliyecheka. Akauvuta mkono wake taratibu, kwa adabu, akaufuta kwenye sketi ya sare.

"Asante, Mwalimu," akasema. Halafu akageukia upande ilikokuwa sauti ya mama yake. "Mama, endelea. Yule kinyozi akamwambiaje?"

Mama Nyamizi akaendelea.